Kisima Kina Mzee, Mfereji Hauna

Katika nchi kavu maji hayana adui. Mtu wa Isiolo aliyekulia nyuma ya ng'ombe na ngamia hufundishwa tangu utotoni kuogopa mambo mengi: ukame, simba, wezi wa mifugo, na yale maradhi ya wanyama yafungayo masoko. Lakini hakuna amfundishaye kuogopa maji. Ayaonapo hufurahi, huyakimbilia, huvua viatu akaingia. Na kama maji hayo yametulia, yana majani mabichi kandokando, na jua la adhuhuri limeyapasha moto kidogo, basi furaha yake huzidi. Ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba maji ya namna hiyo hasa, matulivu, yenye majani na yenye joto la adhuhuri, ndiyo yapendwayo na maradhi ya kichocho. Na kwamba maradhi hayo huingia mwilini bila mtu kunywa hata tone moja.

Jambo hili lastahili kufikiriwa Isiolo kuliko zamani, kwa sababu maisha ya huko yamebadilika. Mto Ewaso Ng'iro, uletao maji ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua mpaka kinamasi cha Lorian, ulikuwa kwa wahenga mahali pa kunyweshea na kuondoka. Mfugaji alikuja na mifugo yake, akanywesha, akahama kufuata malisho. Ndipo vikaja vita vya shifta, tangu 1963 hadi 1967, na watu wengi wa wilaya hiyo wakajikuta hawana mifugo. Baada ya hapo mashamba ya kumwagilia maji yakafunguliwa Merti, Malka Daka, Gafarsa na mahali pengine, na huko Kinna na Rapsu watu wakajifunza kuongoza maji ya vijito mpaka shambani. Mtoto wa mchungaji akawa mkulima wa mahindi, vitunguu na nyanya.

Mabadiliko hayo ni mema, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kuyalaumu. Mfereji umewalisha watu ambao ukame ungaliwaua. Hata hivyo yafaa kukumbuka tofauti moja. Mfugaji ahamaye hukaa na maji kwa saa chache tu, kisha huyaacha nyuma pamoja na vyote vikaavyo humo. Mkulima wa mfereji hukaa na maji mwaka mzima. Husimama ndani yake akifungua na kufunga njia za maji. Mkewe hufua humo, na watoto wake huogelea humo. Akipatwa na haja, kichaka kilicho karibu zaidi ni kile cha ukingo wa mfereji.

Makao makuu ya kichocho katika Kenya yanajulikana: pwani ya Ziwa Victoria, nchi ya Pwani kama vile Kwale na sehemu za chini za Mto Tana, sehemu za Ukambani, na Mwea. Isiolo haikuhesabiwa miongoni mwake. Lakini asifurahi mtu mapema, kwa kuwa Mwea nayo haikuwa na sifa hiyo hapo kwanza. Mwea iko upande wa kusini wa mlima uleule ambao Isiolo iko upande wake wa kaskazini. Ilikuwa tambarare ya nyasi na malisho. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mifereji ya mpunga ilichimbwa huko kwa kazi ya watu waliowekwa kizuizini, na maji ya mito Thiba na Nyamindi yakaongozwa mashambani. Mpunga ulistawi, na hata leo sifa ya mchele wa Mwea imeenea Kenya nzima. Lakini konokono pia alistawi, na haikupita miaka mingi kichocho cha matumbo kikawa maradhi ya kawaida ya watoto wa shule wa Mwea. Huko Sudan, mashamba ya pamba ya Gezira, yaliyofunguliwa mwaka 1925 kwa maji ya Mto Naili wa Buluu, yalikwisha kuonyesha jambo hilohilo. Kadhalika Senegal: bwawa la Diama lilipomalizika mwaka 1986, kichocho cha matumbo kililipuka katika mji wa Richard-Toll baada ya miaka miwili tu. Kila mahali habari ni moja. Maji yalikuja, chakula kikaja, na maradhi yakafuata nyuma.

Maradhi yenyewe ni ya kale sana. Mayai ya mdudu wake yameonekana katika maiti za Wamisri waliokaushwa na kuhifadhiwa tangu enzi za Mafirauni. Mnyoo uletao maradhi ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1851 katika jiji la Cairo, na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyeuona alipokuwa akipasua maiti. Lakini kwa miaka zaidi ya 60 baadaye wataalamu walibishana: mnyoo huu huingiaje mwilini? Wengine walisema huingia kwa kinywa, wengine kwa ngozi. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walimkamata konokono aliyekuwa mwenyeji wa mnyoo wa kwao, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alithibitisha jambo hilo Misri kwa konokono wa huko. Kuanzia hapo siri ilifichuka.

Siri hiyo ni hii. Mtu mwenye kichocho hutoa mayai ya mnyoo katika mkojo wake au katika choo chake, kwa kadiri ya aina ya maradhi. Mayai yakianguka mahali pakavu hufa bila kudhuru mtu. Yakifika majini hupasuka, na humo hutoka kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, ambacho huogelea kwa muda wa saa chache tu kumtafuta konokono. Asipompata, hufa. Akimpata humwingia, na ndani ya konokono huzaana kwa majuma kadhaa, hata mdudu mmoja huwa maelfu. Kisha maelfu hayo hutoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa zile ambazo watoto hupenda kuoga. Hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, huingia katika damu, hukua, dume na jike hukumbatiana katika mishipa ya tumbo au ya kibofu, nao huweza kuishi humo miaka mitatu, mitano, na pengine mingi zaidi, wakitoa mayai kila siku.

Wafugaji hawatashangazwa sana na habari hizi. Kila achinjaye ng'ombe aliyelishwa penye kinamasi amewahi kukata ini akaona minyoo bapa kama majani ndani yake, na wazee wanajua tangu zamani kwamba malisho ya matope yana hila. Minyoo hiyo ya ini nayo hupita katika konokono wa maji kabla ya kumfikia mnyama. Kwa hiyo yule ajuaye kwamba ng'ombe hudhurika kwa mahali alipolishwa anahitaji hatua moja tu ili aamini kwamba mtoto hudhurika kwa mahali anapooga.

Sasa msomaji na atazame sana jambo moja ambalo hupitwa na wengi. Konokono huzaliwa safi. Hatoki katika yai lake na kichocho. Mtu ndiye amwambukizaye konokono kwanza, ndipo konokono amwambukize mtu. Konokono elfu wanaweza kukaa katika mfereji mmoja wasimdhuru mtoto hata mmoja, ikiwa hakuna binadamu aliyetia uchafu wake katika maji hayo. Na akija mgeni mmoja mwenye maradhi, awe kibarua kutoka pwani ya ziwa, dereva, mwanafunzi arudiye likizo au mfanya biashara, akajisaidia mara kadhaa ukingoni, basi konokono wale elfu huwa hatari. Mnyoo haulipi nauli. Husafiri katika mwili wa mtu kwa basi na kwa lori, na Isiolo ni njia panda ya watu waendao Meru, Marsabit, Moyale, Wajir na Nairobi.

Madhara ya kichocho hayaonekani upesi, na hiyo ndiyo hila yake kubwa. Si minyoo ihasiriyo mtu, bali ni mayai yake. Nusu hivi ya mayai hayapati njia ya kutoka. Hukwama katika kibofu, katika matumbo au katika ini, na mwili hujenga makovu kuyazunguka. Mtoto huwa mchovu, damu yake hupungua, darasani husinzia, na mwalimu humwita mvivu. Katika kichocho cha mkojo hukojoa damu, na kuna nchi ambako wavulana walidhani damu hiyo ni dalili ya kufikia utu uzima, wakaifurahia. Baada ya miaka mingi ini huwa gumu na tumbo hujaa maji, au kibofu hupata saratani. Kwa wanawake mayai hukwama pia katika via vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na utasa. Wanawake wangapi wameshutumiwa kwa maradhi ya zinaa, wakaaibishwa mbele ya waume na wakwe zao, na kumbe kosa lao lilikuwa kufua nguo za watu wa nyumba yao! Vidonda hivyo pia humfanya mwanamke awe rahisi zaidi kupata virusi vya ukimwi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kuzuia kichocho, na wengi wao sana ni watu wa Afrika.

Vita juu ya kichocho vimepigwa kwa silaha mbalimbali, na kila silaha imefundisha somo lake. Silaha ya kwanza ilikuwa kumwua konokono. Misri na Sudan zilimwaga mrututu katika mifereji, na tangu miaka ya 1960 ikatumika dawa iitwayo niklosamaidi. Konokono walikufa kwa wingi. Lakini konokono wawili watatu waliosalia chini ya majani walizaa tena, na baada ya miezi michache mfereji ukajaa kama mwanzo. Tena dawa hiyo huua samaki, nayo ni ghali. Hata ukame hausaidii sana. Konokono wa kichocho cha mkojo ana uwezo wa kujifukia katika tope la silanga linalokauka, akalala humo miezi kadhaa, na mvua ikinyesha akaamka. Kwa hiyo mtu wa Isiolo asidhani kwamba kiangazi kirefu kimemsafishia silanga lake.

Hapa Kenya wataalamu walijaribu pia kumtumia adui wa konokono. Kamba wa maji baridi wa asili ya Marekani, ambaye alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, hula konokono kwa ulafi mkubwa. Katika miaka ya 1990 kamba hao walitiwa katika mabwawa fulani ya Machakos, na watoto waliokuwa wametibiwa katika vijiji vya mabwawa hayo wakaonekana kuambukizwa tena kwa uchache kuliko wenzao. Lakini kamba huyo ni mgeni mwenye fujo. Hula na kuharibu viumbe na mimea mingine ya majini, na kumwalika mwizi ili amfukuze jirani mbaya si shauri la kuharakishwa.

Silaha ya pili ilikuwa dawa ya kumtibu mtu. Dawa za zamani zilikuwa kali na za sindano. Misri ilidunga mamilioni ya watu sindano hizo, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuwa sindano hazikuchemshwa sawasawa, zilieneza ugonjwa mwingine wa ini, yaani homa ya ini aina ya C, ambao uliwatesa Wamisri kwa vizazi viwili. Ni somo zito: nia njema bila usafi huweza kuongeza msiba juu ya msiba. Kisha katika miaka ya 1970 ikapatikana dawa ya kumeza, prazikwanteli, ambayo kwa dozi moja tu huua minyoo mingi iliyokomaa. Mwaka 2001 mataifa ya dunia yaliazimia kwamba wanafunzi wasiopungua 75 kwa kila 100 walio hatarini wapewe dawa hiyo.

Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni mwaka 2009, ukapanuliwa sana mwaka 2012. Ni mpango wa Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu kwa pamoja, ukisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979. Uzuri wake ni wepesi wake. Hapana haja ya mizani wala ya daktari kila shule: katika wilaya zenye kichocho mtoto husimamishwa karibu na mti uliotiwa alama, urefu wake ukaonyesha idadi ya vidonge, na mwalimu aliyefundishwa akampa baada ya kula. Watoto wadogo wa chini ya umri wa shule walikuwa wameachwa nje, kwa sababu vidonge ni vikubwa na vichungu. Lakini dawa yao mpya, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, ilipata kauli ya kukubaliwa kutoka kwa wakuu wa dawa wa Umoja wa Ulaya mwezi wa Desemba 2023.

Pamoja na sifa zake zote, dawa haizuii mtu kuambukizwa tena, na minyoo michanga haidhuru. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Kisumu. Huko vijana huosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya Ziwa Victoria. Wataalamu waliwafuata vijana hao kwa miaka mingi, wakawatibu, wakawapima, wakawatibu tena. Kijana aliponywa leo, kesho akarudi majini kutafuta riziki, na baada ya miezi mayai yakaonekana tena katika choo chake. Wachache miili yao ilipata kinga polepole, lakini wengine walizunguka katika duara hilo mwaka baada ya mwaka. Hata vijiji vizima vya pwani ya ziwa hilo vilipewa dawa mara nyingi, na katika baadhi yake maradhi yalikataa kushuka. Dawa humponya mtu, haiuponyi mto.

Silaha ya tatu ni kuunganisha zote. Mfano mzuri ni wa Unguja na Pemba. Kwa muda wa miaka kama mitano hivi, hadi 2017, Zanzibar ilipigana na kichocho cha mkojo kwa bidii ambayo haikupata kuonekana Afrika Mashariki. Watu wote, wakubwa kwa watoto, walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono waliuawa kwa niklosamaidi. Katika nyingine watoto walifundishwa kwa michezo na kwa mifano, na kukajengwa mahali pa kukojolea shuleni na majukwaa ya kufulia ili mama afue bila kuingia kijitoni. Maradhi yalishuka sana katika visiwa vyote viwili, hata sehemu nyingi zikafikia kipimo cha dunia: watu wenye maradhi mazito wakawa chini ya 1 kwa kila 100. Hata hivyo hayakukatika. Yalibaki katika vijiji fulani kama makaa chini ya majivu, na mahali dawa ilipokawia yalianza kuwaka tena. Kuanzia mwaka 2020 huko Pemba ikajaribiwa njia ya mwindaji: penye maradhi mengi watu wote hupewa dawa, penye machache, mgonjwa hutafutwa mmoja mmoja, na nyayo zake hufuatwa mpaka kwenye maji alikoambukizwa.

Je, kuna waliomaliza kabisa? Wako. Japani ilipigana na mnyoo wake katika bonde la Kofu kwa karibu miaka 100. Ilifundisha watu, ilitibu, iliua konokono, na zaidi ya yote ilisakafia mifereji ya mashamba kwa saruji, hata konokono akakosa tope na majani ya kukaa. Mgonjwa mpya wa mwisho wa bonde hilo alionekana katika miaka ya 1970, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba maradhi yamekwisha. Morocco ilianza mpango wake wa kitaifa mwaka 1982, na tangu 2003 haikuonekana tena kuambukizwa mtu ndani ya nchi hiyo. Nchi hizo hazikuwa na dawa ya siri. Zilikuwa na subira, na hazikuacha kazi pale wagonjwa walipokuwa wachache. Kenya nayo imejiwekea shabaha pamoja na dunia: kwamba ifikapo mwaka 2030 kichocho kisiwe tena janga la afya ya watu.

Mambo haya yote yamrudisha mtu wa Isiolo kwenye hazina aliyo nayo nyumbani, nayo ni sheria ya kisima. Waborana, tangu kale, hawakuacha kisima bila mwenyewe. Kisima kina mzee wake wa zamu, aitwaye aba herega, naye ndiye aamuaye nani anyweshe leo na nani kesho. Vijana husimama kisimani ngazi kwa ngazi, wakipokezana ndoo kwa nyimbo, na maji humiminwa katika hori. Mnyama hunywa horini. Maji hupelekwa kwa mnyama; mnyama hapelekwi ndani ya maji. Mvunja sheria huitwa mbele ya wazee, akatozwa. Waliotunga desturi hiyo hawakuwa na darubini, wala hawakusikia jina la Bilharz. Lakini walijua kwamba maji yasiyo na mzee huharibika.

Mfereji ulipofika Isiolo, haukuja na mzee. Ulikuja na kamati, na kamati hugawa maji kwa haki na kumtoza yule aibaye zamu ya mwenziwe. Hilo ni jema, lakini ni nusu ya kazi ya aba herega. Kamati humwuliza mkulima, "Umechukua maji kiasi gani?" Haimwulizi, "Umeyaacha katika hali gani?" Mwizi wa maji huadhibiwa, na mchafuzi wa maji hupita akisalimiwa. Kumbe mwizi amempunguzia jirani vitunguu tu, na mchafuzi huweza kumtia mtoto wa jirani maradhi ya miaka mingi.

Basi yale yapasayo kufanywa si mengi, wala hayapiti uwezo wa kijiji. La kwanza ni choo, na choo kichimbwe kabla mfereji haujachimbwa, na kingine kiwe shambani, kwa kuwa haja haimngojei mkulima mpaka arudi nyumbani. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Isiolo, jambo hili si geni: dini yao imekataza tangu mwanzo mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Maimamu wana neno hapo la kuwaambia watu, lenye nguvu kuliko la bwana afya. La pili ni kujenga jukwaa la kufulia na kijidaraja cha kuvukia, ili mama na watoto wasitie miguu majini kila siku. La tatu ni kufyeka majani ya kingo, na kuacha mfereji ukauke kabisa siku kadhaa kila zamu ikiruhusu. La nne ni kuteka maji ya kuogea na kuyaacha katika mapipa safi yasiyo na konokono kwa siku mbili kabla ya kuyatumia, kwa sababu vijidudu visivyompata mtu katika muda huo hufa. Kijana aoshaye pikipiki au gari ateke maji kwa ndoo, aoshe ukingoni, asimame pakavu. La tano ni mtu yeyote aonaye damu katika mkojo au katika choo, awe mtoto au mwanamke au mgeni wa kazi, aende hospitali apimwe bila haya, na asiyeona kitu lakini ametoka katika nchi zenye kichocho apimwe pia.

Wako watakaosema, "Isiolo hakuna kichocho kingi, basi kelele za nini?" Jibu lake ni rahisi. Mwea kama ingalichimba vyoo vyake kabla ya kuingiza maji, ingalitumia fedha kidogo na jasho kidogo. Haikufanya hivyo, na watoto wake wamekuwa wakimeza vidonge kizazi baada ya kizazi. Ni heri kumzuia mgeni mlangoni kuliko kumtoa akiisha kulala. Kila mara wahandisi wapimapo Ewaso Ng'iro kwa ajili ya bwawa jipya au mfereji mpya, swali la kwanza lingefaa kuwa la maji kiasi gani, na la pili, lisilochelewa hata siku moja nyuma ya la kwanza, liwe la nani atakayekuwa mzee wa maji hayo.

Konokono hana kosa, naye hazungumziki. Hatahudhuria baraza, wala hatatozwa faini. Mwenye kuzungumzika ni binadamu. Siku ambayo wazee wa Isiolo watamtoza mtu mmoja mbuzi kwa sababu amejisaidia ukingoni mwa mfereji, kama babu zao walivyomtoza yule aliyevuruga kisima, siku hiyo konokono wote wa mfereji huo watabaki kama walivyozaliwa, na watoto wataingia shambani asubuhi na kutoka jioni wakiwa na matope miguuni tu.